Mwanamichezo Anywe Nini? Historia ya Maji, Chumvi na Sukari kutoka St. Louis hadi Kambini

 Leo tunaingia kwenye historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakitafuta mechi ikiisha, yaani kinywaji. Kwenye viwanja vyetu, iwe Kakuma, Nyarugusu, Nakivale au Kyangwali, maneno ni yale yale. Kocha mmoja anakwambia usinywe maji katikati ya mazoezi, utakuwa mzito. Mwingine anasema piga kopo moja la enaji kabla ya mechi, utakimbia mpaka washangae. Wa tatu anaapa kwamba soda ndiyo inarudisha nguvu. Na kila mmoja anaongea kwa uhakika kabisa.

Maneno hayo hayakuanzia kwetu. Mengine yana zaidi ya miaka mia moja, na yametoka mbali sana. Mtu akijua yalikotoka, anaweza kuamua mwenyewe lipi abebe na lipi aliache njiani. Tena ndani ya historia hii kuna sehemu kubwa inayowahusu wakimbizi moja kwa moja, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Marathoni ya kunyimwa maji

Tuanzie Marekani, mji wa St. Louis, tarehe 30 Agosti 1904. Ilikuwa marathoni ya Olimpiki. Wanaume 32 walianza kukimbia mchana, joto limepita nyuzi 30, barabara ni ya vumbi, na magari ya waamuzi yanatangulia yakiwatimulia vumbi hilo usoni. James Sullivan, mmoja wa wakuu wa maandalizi, alitaka kuona mwili wa binadamu unafanyaje ukinyimwa maji. Basi njia nzima, karibu kilomita 40, mahali pa kupata maji hapakuzidi pawili.

Matokeo yake? Waliomaliza ni 14 tu. Mkimbiaji mmoja aliokotwa kando ya barabara akivuja damu tumboni kwa sababu ya vumbi alilomeza, nusura afe. Mshindi, Thomas Hicks, aliomba maji njiani wasaidizi wake wakakataa. Badala yake walimpa striknini, sumu ambayo watu walikuwa wakiulia panya, wakaichanganya na ute wa yai. Wakati ule striknini kidogo ilihesabiwa kuwa kitu cha kuamsha mwili. Baadaye wakamuongezea na brandi. Alifika mwisho akiwa ameshikiliwa, hajielewi, kwa muda wa saa 3, dakika 28 na sekunde 53. Mpaka leo hakuna mshindi wa marathoni ya wanaume ya Olimpiki aliyetumia muda mrefu kuliko yeye.

Katika mbio hizo hizo walikuwemo Waafrika wawili, Watswana kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani. Hawakupelekwa kule kama timu. Walikuwa St. Louis kwa ajili ya maonyesho ya vita vya Makaburu, wakaingia mbioni. Taunyane alikuwa wa 9, Mashiani wa 12. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki.

Angalieni vizuri kilichotokea siku ile. Mtu ana kiu, anaomba maji, ananyimwa, halafu anapewa kitu cha kumuamsha. Hiyo tabia haijafa. Kila tukiona kijana anaingia uwanjani saa nane mchana bila tone la maji tumboni ila kopo la enaji, tunaiona St. Louis tena.

Kunyima wachezaji maji kuliendelea kwa miaka mingi. Hadi miaka ya 1960 makocha wengi wa Marekani waliamini kwamba mchezaji anayekunywa maji mazoezini ni dhaifu, au atapata maumivu ya tumbo. Kumzuia kulikuwa njia ya kumfanya mgumu. Imani hiyo ilizunguka dunia pamoja na michezo yenyewe, na bado inasikika kwenye viwanja vyetu vya vumbi.

Swali moja kuhusu mkojo

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida, kocha msaidizi mmoja aliuliza swali ambalo linachekesha lakini ni la maana sana: kwa nini wachezaji wangu hawaendi kukojoa baada ya mechi? Aliyeulizwa ni Dkt. Robert Cade, mtaalamu wa figo. Cade na wenzake wakaanza kuwapima wachezaji wa timu ya chuo, inayoitwa Gators. Wakakuta kwamba vijana wale walipoteza maji mengi sana kwa jasho, na chumvi ilitoka pamoja nayo. Sukari ya damu nayo ilishuka. Maji ya kupeleka kwenye mkojo hayakubaki.

Wakatengeneza mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari. Wa kwanza ulikuwa na ladha mbaya ajabu. Mke wa Cade ndiye aliyeshauri waongeze maji ya limau. Kinywaji kikapewa jina la timu: Gatorade. Januari 1967 Gators wakashinda mechi kubwa ya Orange Bowl, na mwaka huo huo kampuni ikachukua haki ya kukiuza. Tangu hapo kikapita mikononi mwa makampuni makubwa zaidi na kuwa biashara ya dunia nzima. Chupa zote za rangi ya bluu, kijani na machungwa zenye picha ya mtu anayekimbia ni ndugu zake.

Ndani ya chupa, ukiondoa rangi na ladha, kuna nini? Maji, sukari na chumvi. Basi.

Dawa iliyothibitishwa kambini

Sasa tuvuke bahari, maana historia hiyo ya chumvi na sukari ina tawi la pili.

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kitu kinachotokea ndani ya utumbo. Sukari aina ya glukosi na chumvi vinaingia mwilini kupitia mlango mmoja, kimoja kinamvuta mwenzake, na maji yanafuata. Ndiyo maana mtu mwenye kuhara sana akinywa maji matupu hayamsaidii vya kutosha, lakini maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi yanaingia.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa mchanganyiko huo, na dripu zikapungua sana. Hata hivyo wakubwa wengi wa tiba hawakuamini. Walisema hiyo ni ya hospitali yenye wataalamu, huwezi kuwaachia watu wa kawaida.

Halafu ikaja vita ya mwaka 1971. Karibu watu milioni 10 walikimbia kutoka nchi inayoitwa leo Bangladesh wakaingia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa mpakani wa Bongaon, Dkt. Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala chini kwenye matapishi na kinyesi, na dripu zinaisha. Akaamua. Timu yake ikapima chumvi, sukari na magadi ya kuokea, ikafunga kwenye mifuko ya plastiki, ikachanganya na maji kwenye mapipa yenye bomba, na wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kwa kila lita moja ya maji: gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi.

Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100 kambini walikuwa wanakufa hadi 30. Kwa zaidi ya wagonjwa 3,000 waliohudumiwa chini ya Mahalanabis, waliokufa hawakufika 4 kati ya 100. Na walionywesha vikombe walikuwa mama, baba, kaka na dada, wakimbizi wenyewe. Hiyo ndiyo ORS, ile pakiti mnayopewa kliniki mtoto akiharisha. Mwaka 1978 jarida la madaktari la Lancet liliandika kwamba huenda huu ndio uvumbuzi muhimu kuliko yote ya tiba katika karne hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, sayansi ni ile ile, miaka ni ile ile. Tawi moja lilikwenda kwenye timu ya chuo tajiri, likawekwa kwenye chupa, likapewa bei. Tawi lingine lilithibitishwa kambini, likatolewa bure. Sisi tunalitamani lile la bei, na hili la bure tunaliona ni la watoto wanaoharisha.

Goma, 1994

Hatuwezi kuongea maji na wakimbizi katika ukanda wetu bila kutaja Goma. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache tu. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi kubwa, na watu wakachota maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wapo kati yetu ambao wazazi wao walikuwepo. Naandika sehemu hii kwa heshima yao.

Dawa ya Bongaon ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya miaka 20. Iliyokosekana ni maji safi ya kutosha, na watu wa kutosha wa kunywesha kwa haraka. Ndiyo maana kwa mwanamichezo wa kambini swali la kwanza haliwezi kuwa kinywaji gani kina nguvu zaidi. Swali la kwanza ni maji haya yametoka wapi. Maji ya bomba la kambi yenye harufu ya klorini ambayo wengi tunayanung'unikia ni bora mara mia kuliko maji matamu ya mtoni. Ile harufu inakwambia kwamba kitu kimefanyika juu ya maji hayo. Ukiona inakera, yaache dumu, au bidoni kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo, likiwa limefunikwa vizuri usiku kucha. Itapungua.

Kuzidisha nako kuna hatari

Historia ina tabia ya kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baada ya miaka mingi ya kunyima maji, ikaja miaka ya kusukumia watu maji. Matangazo na hata baadhi ya wataalamu wakaanza kusema: kunywa kadiri unavyoweza, usisubiri kiu. Wakimbiaji wakawa wanakunywa mpaka wanaongezeka uzito mbioni.

Huko Afrika Kusini, miaka ya 1980, daktari Tim Noakes na wenzake walieleza juu ya wakimbiaji wa mbio ndefu walioanguka kwa sababu ya maji kuzidi, chumvi ya damu ikashuka mno. Mwaka 2002 watafiti wakawapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston. Asilimia 13 walikuwa na chumvi ya damu iliyoshuka kupita kawaida. Hali hiyo ikiwa kali, ubongo unavimba na mtu anaweza kufa.

Kwa mechi ya dakika 90 hatari hii ni ndogo. Lakini inatufundisha kwamba kiu si adui. Kiu ni kengele ambayo mwili umejiwekea. Ikilia kunywa, ikinyamaza pumzika.

Chai ya Wakenya

Sasa njooni kwa mabingwa wa karibu. Watafiti waliwafuatilia wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya wakiwa kambi ya mazoezi, wakapima kila walichokula na kunywa. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Wengi wangetegemea vinywaji maalumu vya ajabu. Walichokikuta ni maji, zaidi kidogo ya lita moja kwa siku, na chai ya maziwa yenye sukari, nayo zaidi kidogo ya lita moja. Chakula chao kikubwa ni ugali. Hao ni watu wanaoshinda mbio za dunia.

Na huko Ngong ndiko walikofanyia mazoezi vijana watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, chini ya bingwa wa zamani Tegla Loroupe, kabla ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Walikuwa nusu ya ile timu ya kwanza ya wakimbizi yenye wanamichezo 10, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi.

Ni kweli, mkimbiaji wa marathoni wa leo kama Eliud Kipchoge anapokea chupa zenye sukari maalumu njiani. Lakini huyo anakimbia kilomita 42 kwa saa mbili bila kupumzika. Mtu aliyecheza mpira saa moja jioni uwanja wa block yao hana sababu ya kunywa cha Kipchoge.

Kopo la enaji lilikotoka

Kopo tunaloliona madukani lilianzia Thailand katikati ya miaka ya 1970, kwenye kinywaji kilichopendwa sana na madereva wa malori na vibarua waliotaka kukesha kazini. Mfanyabiashara wa Austria akakionja, akaungana na mwenye nacho, na mwaka 1987 kikaanza kuuzwa Austria kwa jina la Red Bull. Baadaye kila nchi ikatengeneza cha kwake, cha bei nafuu, mpaka kikafika kwenye duka la pembeni ya uwanja wetu.

Kumbukeni: asili yake ni kumzuia mtu asilale. Si kumrudishia maji aliyoyatoa kwa jasho. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80 na sukari gramu 27 hivi, karibu vijiko 7 vya chai. Kafeini haitengenezi nguvu, inaficha uchovu tu. Moyo unakwenda mbio, usingizi unapotea, na asubuhi kuna shule. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema wazi kwamba vinywaji hivi havina nafasi kwa watoto na vijana wadogo. Mwaka 2014 Lithuania ikapiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18. Huku kwetu mtoto wa miaka 10 anatumwa dukani na anarudi nalo akilinywa.

Madaktari wale wale walisema pia kwamba hata vile vinywaji vya michezo vya chumvi na sukari, mtoto anayecheza kawaida havihitaji. Maji yanatosha.

Tufanye nini sasa

Kwa kijana mwenye mpira wake na pesa kidogo ya matumizi, historia yote hii inaangukia kwenye mambo machache.

Kunywa maji safi kabla ya mazoezi, wakati wa mapumziko, na baada ya kumaliza. Mazoezi yasiyozidi saa moja, maji peke yake yanatosha. Mkienda zaidi ya hapo kwenye jua kali, mwili unataka na chakula: ndizi, uji, chai ya maziwa. Chungwa likiwepo, kamua juisi, changanya na maji kiasi kile kile, weka chumvi kidogo sana. Tayari una kinywaji cha michezo. Soda ya sikukuu si dhambi, lakini chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ikiwezekana isizidi kama gramu 25 kwa siku nzima.

Angalia mkojo wako, kama yule kocha wa Florida. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unadai maji. Mwenzako akianza kuyumba, kuongea ovyo au kutapika kwenye joto, msimpe enaji. Mtoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mmkimbize kliniki.

ORS ibaki kwa kuharisha: pakiti moja, lita moja ya maji safi. Pakiti isipopatikana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vya kufuta juu, kwa lita moja. Msizidishe chumvi. Na wanaofunga Ramadhani, mazoezi mazito yapelekeni baada ya kufuturu. Kocha mwenye busara ataelewa.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, neno moja la hesabu. Kiwango cha chini cha kibinadamu cha Sphere ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na hizo ni za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Mchezaji anayetoka jasho lita moja anahitaji ya ziada. Timu mbili zenye watu 18 kila moja, lita moja kwa kila mmoja, ni lita 36. Hayo ni madumu mawili tu ya lita 20. Mara nyingi bajeti ya mashindano ina jezi, mipira, filimbi na kombe, ila madumu mawili hayamo.

Na waangalieni dada zetu. Wengi wao kabla ya kufika uwanjani wameshapanga foleni bombani na kubeba dumu kichwani hadi nyumbani. Wanafika wamechelewa na wameshachoka, halafu kocha anawakimbiza raundi mbili kama adhabu. Bomba likiwa karibu na uwanja, timu ya wasichana itaanza mazoezi kwa wakati, na watakunywa maji hapo hapo. Mkipanga mradi ujao wa michezo, anzeni na hilo bomba.